Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nani yumo, nani anachekwa na nani hayumo

Picha hii ya Kihindi ilitoka Julai 2023. Tangu hapo nimeionyesha sebuleni kwangu Tanga mara zisizopungua sita: kwa wifi zangu, kwa majirani, kwa vijana wanaokuja kumtembelea mwanangu. Kila ikiisha, maswali ni yale yale. Nimeyaweka hapa na majibu yake, nikianza na mepesi. Hadithi nimeifichua sana, kwa hiyo kama hujaiangalia, iangalie kwanza.

## Mambo ya mwanzo

1. Picha yenyewe inahusu nini?

Rocky Randhawa ni kijana wa Kipunjabi wa Delhi, mtoto wa familia tajiri inayouza vitamutamu vya Kihindi. Rani Chatterjee ni Mbangali, mtangazaji wa habari kwenye televisheni. Babu yake Rocky, Kanwal, amepoteza kumbukumbu, lakini kuna jina moja halijamtoka: Jamini. Jamini ni bibi yake Rani, mwanamke aliyempenda zamani huko Shimla. Wajukuu wanakutana ili kuwakutanisha wazee, na wao wenyewe wanapendana.

Nyumba hizi mbili hazipikiki chungu kimoja. Kwa hiyo vijana wanakubaliana kubadilishana kwa miezi mitatu: Rocky ahamie kwa akina Chatterjee, Rani kwa akina Randhawa. Hapo ndipo vichekesho vyote vinapotoka, na maswali mengi ya ukurasa huu pia.

Mwongozaji ni Karan Johar, aliyeanza na Kuch Kuch Hota Hai mwaka 1998. Stelingi ni Ranveer Singh na Alia Bhatt.

2. Mnaposema "uwakilishi" mnamaanisha nini? Si picha ya mapenzi tu hii?

Ni ya mapenzi, na nyimbo zipo, na theluji ipo. Uwakilishi ni maswali matatu ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kujiuliza akiwa amekaa mkekani: nani amewekwa kwenye picha, anaonyeshwa kwa sura gani, na nani kaachwa nje. Kwenye vichekesho linaongezeka la nne ambalo mimi naliona ndilo kubwa: mzaha unampiga nani, na aliyepigwa ana nafasi ya kurudisha? Hilo nimelijibu kwa kirefu kwenye swali la 8.

3. Kwani Wahindi si wote Wahindi? Mbona wanashindwa kuoana?

Swali hili linanichekesha kila mara, kwa sababu anayeuliza mwenyewe anajua jibu. Sisi hapa pwani tuna maneno yake kabisa. Tunamjua Kalasinga mwenye kilemba, ambaye asili yake ni Punjab. Tunamjua Banyani wa Gujarat mwenye duka, tunamjua Mgoa, tunamjua Bohora na Khoja. Hakuna mtu wa Mombasa wala Unguja anayedhani Bohora na Mgoa wanasali pamoja.

Tunayemkosa ni Mbangali. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki walitoka magharibi na kaskazini-magharibi mwa India: Gujarat, Kutch, Punjab, Goa. Bengal iko mashariki, upande wa Kolkata, na lugha yake ni Kibangla. Kwa hiyo kwenye picha hii nyumba moja tunaifahamu kwa mbali, nyingine ni ngeni kwetu kabisa. Mpunjabi na Mbangali wanatofautiana lugha, chakula na hata namna ya kusherehekea. Kinachowaunganisha ni Kihindi cha Delhi, kama Kiswahili kinavyowaunganisha Mnyakyusa na Mdigo.

4. Kwa nini familia kwenye picha za Kihindi karibu zote ni za Kipunjabi?

Kwa sababu ya waliozitengeneza. Mwaka 1947 India ilipokatwa ikazaliwa Pakistan, Punjab ilikatwa katikati, na familia nyingi za kule zikahamia Delhi na Bombay. Kati yao walikuwemo watu wa sinema: akina Chopra walitoka Lahore. Wengine, kama akina Kapoor wenye asili ya Peshawar, walishafika Bombay kabla. Walipoandika harusi waliandika harusi za kwao. Miaka ilivyokwenda, bhangra, ngoma ya Kipunjabi, na mashamba ya haradali yakawa ndiyo "India" ya skrini, na Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 ikapiga muhuri.

Mtu wa kusini au mashariki alibaki wa kuchekesha. Kwenye Padosan ya 1968, mwalimu wa muziki Mtamil aliyeigizwa na Mehmood yupo ili tumcheke lafudhi na nywele zake. Miaka 45 baadaye, Chennai Express ya 2013 bado inamvuta Deepika Padukone, anayeigiza Mtamil, azungumze Kihindi cha kupinda ili ukumbi ucheke. Bengal nayo, kumbuka, ilikatwa 1947 vilevile, na baadhi ya wakimbizi wake walijenga mtaa wao Delhi, Chittaranjan Park. Hao hawakupewa harusi kwenye skrini kwa wingi huo.

## Nyumba mbili

5. Wapunjabi na Wabangali kweli wako hivyo?

Nusu kwa nusu. Akina Randhawa wamepewa kelele, dhahabu, magari, mazoezi ya kuinua vyuma, na bibi mwenye nyumba, Dhanalakshmi, anayeamua kila kitu kuanzia biashara hadi nani aolewe lini. Hata jina la mwanawe ni mzaha: anaitwa Tijori, maana yake sefu. Akina Chatterjee wamepewa vitabu, Kiingereza cha darasani, mama profesa na nyimbo za mshairi wao Tagore. Kila kitu kimezidishwa chumvi, na mtu wa Bengal ana haki ya kuuliza kwani kwao hakuna mafundi bomba wala wachoma samaki.

Wifi yangu aliiangalia nusu saa akasema, "Kwa hiyo huyu Mchaga kampenda Mhaya." Nimejaribu kutafuta maelezo bora kuliko hayo, sijapata. Fedha na biashara upande mmoja, usomi na Kiingereza cha mapuani upande wa pili. Anayejua utani wa Tanzania ataielewa picha hii bila kusoma mstari mmoja wa tafsiri.

6. Yule mzee mwenye ndevu kwenye picha ya ukutani ni nani?

Ni Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengal, mtu wa kwanza asiye Mzungu kupata Nobel ya Fasihi, mwaka 1913. Rocky anaingia sebuleni, anaiona picha, na anamdhania kuwa babu yake Rani.

Angalia eneo hili polepole, kwa sababu limebeba mengi kwa sekunde chache. Mzaha wa kwanza ni kwa Rocky: mtu mzima wa Delhi hamjui Tagore! Lakini kamera inakaa kwenye nyuso za wenyeji pia, na wewe mtazamaji unaona jinsi wanavyompima. Kuanzia pale hawaulizi tena ni mtu wa namna gani. Wameshamsahihisha kama karatasi ya mtihani. Mimi mara ya kwanza nilimcheka Rocky, mara ya pili niliwachukia akina Chatterjee kidogo.

7. Waigizaji ni Wabangali na Wapunjabi kweli?

Hapa kuna vituko. Wazazi wa Rani wameigizwa na Wabangali halisi wa sinema ya Kolkata, Tota Roy Chowdhury na Churni Ganguly, na inasikika. Rani mwenyewe, Alia Bhatt, si Mbangali. Bibi yake ni Shabana Azmi, ambaye pia si Mbangali. Sasa bibi wa Kipunjabi, yule mkali Dhanalakshmi, ni Jaya Bachchan, na Jaya ni Mbangali wa kuzaliwa, jina la ukoo Bhaduri! Kwa maneno mengine, mzee pekee wa kike mwenye damu ya Bengal kapelekwa nyumba ya pili.

Dharmendra, aliyeigiza babu Kanwal, alikuwa Mpunjabi hasa. Alifariki Novemba 2025. Wazee wenzangu watakumbuka Guddi ya 1971, ambapo Jaya alikuwa binti wa shule anayemhusudu staa wa sinema, na staa huyo ni Dharmendra mwenyewe. Miaka 52 baadaye wamewekwa kuwa mume na mke wasiopendana. Sijui kama Karan Johar alikusudia, lakini mimi ilinichoma.

Je, ni lazima Mbangali aigizwe na Mbangali? Mimi sidhani. Ninachodai ni masikio: lafudhi ifanyiwe kazi, na wenye lugha wawepo kwenye meza ya kuandika. Miongoni mwa waandishi watatu wa picha hii yumo Ishita Moitra, na nadhani ndiyo maana mama profesa anazungumza kama mtu badala ya kamusi.

8. Lakini kuwacheka watu kwa kabila lao si ubaguzi?

Inategemea kama ni utani au ni kejeli, na tofauti yake sisi tunaijua kuliko wengi. Wangoni na Wahehe walipigana vita karne ya 19, wakaishia kuwa watani. Mtani wako anaweza kuja msibani akakaa juu ya kaburi ulilochimba, akadai alipwe ndipo ainuke, na hakuna wa kumkasirikia. Ila kuna sharti: kesho msiba ukiwa kwake, zamu ni yako. Asiye na zamu hataniwi, anatukanwa.

Kwa kipimo hicho Padosan na Chennai Express zinaanguka. Mtamil anachekwa, na hapewi hata eneo moja la kumcheka mtu wa kaskazini kwa kina kile kile. Rocky Aur Rani imejengwa kwa zamu. Rocky akiaibika kwa Tagore, Rani naye anafika kwa akina Randhawa na usomi wake wote anashindwa kuishi na watu ambao hawajasoma anachosoma. Nyumba ya Kipunjabi inaambiwa wazi kwamba inawakandamiza wanawake wake. Nyumba ya Kibangali inaambiwa kwamba Kiingereza chake ni fimbo.

Kuna mahali Rocky anajieleza kwa uchungu kwamba amekulia kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha haya mambo, na kwamba kila anayekosea akifutiwa mbali, hatajifunza lini wala wapi. Wengine wanaona hotuba hiyo ni ya kumtetea mkosaji. Mimi naona ni zamu yake ya kurudisha, na ameitumia vizuri. Ni hotuba ndefu kupita kiasi, hilo nakubali.

## Wanaume, wanawake na miili

9. Kwa nini wanamcheka baba yake Rani anapocheza? Na ule wimbo anaocheza na Rocky una maana gani?

Chandon, baba yake Rani, ni mcheza kathak, ngoma ya jadi ya kaskazini mwa India. Anacheza kwenye sherehe ya akina Randhawa, kwa heshima kabisa, macho yake yakizungumza na vidole vyake vikizungumza, na ukumbi unaangua kicheko. Mwanaume mzima, tena mkwe mtarajiwa, anakata kiuno! Ukiiangalia mara ya pili, mtazame Rocky: hajui acheke au asicheke.

Kicheko chao ni cha ujinga hata kwa kipimo cha India yenyewe. Kathak imepokezanwa na wanaume, baba kwa mwana, kwa vizazi. Mwalimu wake mkubwa wa zama zetu alikuwa Birju Maharaj wa Lucknow, aliyefariki Januari 2022, na hakuna aliyemwona kuwa mwanaume pungufu. Aliyegeuza kathak kuwa "ngoma ya kike" machoni pa wengi ni sinema yenyewe, iliyoiweka miguuni mwa kina dada miongo na miongo.

Ndiyo maana jibu la picha limewekwa kwenye wimbo. Rocky anajifunza kathak kwa Chandon, na kwenye Durga Puja, sikukuu kubwa ya Wabangali, wanasimama wawili, baba mkwe na mkwe, wanacheza "Dola Re Dola". Wimbo huo ni wa Devdas ya 2002, na kila mpenzi wa picha za Kihindi anaufahamu: Madhuri Dixit na Aishwarya Rai, sari nyeupe na nyekundu, njuga miguuni. Sasa umechukuliwa vilevile ukawekwa kwenye miili ya wanaume wawili wenye vifua vipana, na haufanyiwi mzaha hata nukta moja. Sebuleni kwangu vijana walianza kwa kucheka. Ulipofika katikati walikuwa kimya. Mmoja akasema, "Huyu mzee anajua." Tota Roy Chowdhury alijifunza kathak kwa ajili ya nafasi hii, na inaonekana kwenye vifundo vya mikono.

10. Lile eneo la duka la sidiria lilikuwa la lazima?

Kwa wanaoangalia na wakwe, pole. Mama yake Rani anampeleka Rocky duka la nguo za ndani za kike, na jitu lile lenye misuli linashindwa hata kutamka sidiria. Hoja ya mama ni nyepesi: wanawake wanafua nguo za ndani za wanaume maisha yao yote bila kuona haya. Ni eneo la kuchekesha na fupi. Halihitaji maelezo zaidi.

11. Golu, dada yake Rocky, anaonyeshwa kwa heshima au ananyanyaswa?

Vyote. Jina lake ni Gayatri, lakini nyumbani ni Golu, jina la utani linalomaanisha kitu cha mviringo. Unene wake unajadiliwa mezani mbele yake kama bei ya sukari, na mpango pekee walio nao juu yake ni kumwoza. Picha iko upande wake, hilo halina shaka, na Anjali Anand ameigiza bila kujipendekeza.

Ninacholalamikia ni kwamba ukombozi wake unaletwa na Rani, mgeni mwembamba mwenye sari za kuning'inia. Ukitaka kuona binti mnene akijikomboa mwenyewe, kuna Dum Laga Ke Haisha ya 2015, iliyowekwa Haridwar miaka ya 1990, ambapo Bhumi Pednekar ni mke msomi aliyeolewa na mume asiyemtaka. Siku akimsikia mume akimtukana mbele za watu, anamzaba kibao palepale.

12. Na mama yake Rocky?

Punam anapenda kuimba na amenyamazishwa jikoni miaka yote. Kshitee Jog anafanya mengi kwa kushusha macho tu. Kwangu mimi huyu ndiye mhusika wa kweli kuliko wote, na wanawake wa umri wangu huwa hawaniulizi swali lolote juu yake.

13. Wazee kupigana busu? Si aibu?

Dharmendra alikuwa na miaka 87 picha inatoka, Shabana Azmi 72. India nzima ilizungumza habari ya busu lile kuliko vijana wote wa picha. Na huo nao ni uwakilishi: bibi na babu kwenye picha za Kihindi kazi yao huwa kubariki harusi, kukohoa na kufa. Hapa wana tamaa na majuto kama watu. Ajabu ni kwamba huku kwetu, ambako nyimbo za taarabu za watu wazima zina mafumbo mazito kuliko busu, bado kuna wanaonyanyuka wakienda "kuangalia chai".

## Ambao hawamo

14. Mbona hakuna anayetaja jati, matabaka ya kuzaliwa? Si ndiyo shida ya ndoa za India?

Umeuliza penyewe. Picha inatuambia kikwazo ni lugha, elimu na tabia za nyumbani. Lakini majina yanasema yale ambayo wahusika hawasemi. Chatterjee ni jina la Mabrahmin wa Bengal, tabaka la juu kabisa. Randhawa ni ukoo wa Jat wa Punjab, wenye ardhi na nguvu. Pande zote mbili ziko ghorofani, na utajiri upo wa kutosha. Kwa hiyo "tofauti" wanazozivuka ni za majirani wa mtaa mmoja.

Binti wa Dalit, wale wanaohesabiwa chini ya matabaka yote, akiletwa kwenye nyumba yoyote kati ya hizi mbili, kubadilishana nyumba miezi mitatu kusingekuwa kichekesho. Sinema ya Kimarathi ilithubutu: Sairat ya 2016, ya Nagraj Manjule. Kampuni ya Karan Johar ilipoirudia kwa Kihindi mwaka 2018 kwa jina la Dhadak, suala la jati lilififishwa mpaka likawa kivuli. Hilo ndilo deni kubwa la nyumba hii ya filamu, na Rocky Aur Rani haikulipa hata senti.

15. Waislamu je?

Hakuna mhusika mkubwa Mwislamu. Kinachonishangaza ni kwamba kazi yao imejaa. Wazee wanakumbukana kwa mashairi na nyimbo za zamani, na ule unaorudi tena na tena, "Abhi Na Jaao Chhod Kar" wa mwaka 1961, maneno yake ni ya Sahir Ludhianvi, mshairi wa Kiurdu, na sauti ya kiume ni ya Mohammed Rafi. Urdu umekaribishwa sebuleni, wenyewe wamebaki mlangoni.

16. Sisi weusi tumo?

Hapana. Na kwa picha za Kihindi zilizowahi kutuweka, pengine afadhali. Lakini jua kwamba India ina watu weusi wake yenyewe, Wasidi, wazao wa Waafrika wa Mashariki waliovushwa bahari kwa karne nyingi wakiwa watumwa, mabaharia na askari. Wako Gujarat, Karnataka na Hyderabad. Wasidi wa Gujarat wana ngoma yao wanayoipiga kwenye ziara ya Bava Gor huko Ratanpur, na wanaiita goma. Hilo ni neno letu, limevuka bahari likabaki hai. Picha ya mapenzi na vichekesho ambayo bibi harusi ni Msidi wa Gujarat mimi ningelipa kiingilio mara mbili.

17. Rangi ya ngozi inazungumzwa?

Haikuwa hoja ya picha hii, na ukiangalia nyuso za mbele utaona kwa nini. Aliyejaribu ni Bala ya 2019, kuhusu kijana mwenye upara, ambamo yumo pia binti anayenyanyaswa kwa weusi wake. Halafu wakamchukua Bhumi Pednekar, mweupe, wakampaka rangi awe mweusi! Waigizaji weusi wamejaa Mumbai wanatafuta kazi. Huko kwao krimu maarufu ilibadilisha jina mwaka 2020 kutoka Fair & Lovely kuwa Glow & Lovely. Kwetu mkorogo haujabadilisha hata jina.

18. Wapenzi wa jinsia moja?

Hawana nafasi katika hadithi hii. Wapo wanaomdhania Chandon kwa sababu ya kathak, na picha inakataa kwa makusudi: ana mke, wanapendana, anacheza. Tazama swali la 9.

Picha za Kihindi za aina hii zilianza kuwaweka katikati baada ya Septemba 2018, Mahakama ya Juu ya India ilipoacha kuhesabu mapenzi hayo kuwa jinai. Shubh Mangal Zyada Saavdhan ya 2020 ni ya wanaume wawili. Badhaai Do ya 2022 ni ya polisi na mwalimu wa michezo wanaooana ili kila mmoja ajifiche nyuma ya mwenzake. Hiyo ya pili naiona bora zaidi, tena ina kitu cha ziada: mpenzi wa yule mwalimu ni Chum Darang, msichana wa Arunachal Pradesh. Watu wa kaskazini-mashariki mwa India huitwa "Wachina" mitaani Delhi, na kwenye sinema huwaoni. Humo yumo kama mtu tu, anacheka, anakasirika, anapika.

Chandigarh Kare Aashiqui ya 2021 nayo inahusu mwanamke aliyebadili jinsia, lakini ameigizwa na Vaani Kapoor, ambaye si mmoja wao. Malalamiko ni yale yale ya Bala.

19. Ile theluji ya wimbo ni wapi?

Kashmir, kwenye wimbo "Tum Kya Mile". Alia kavaa sari nyepesi kwenye baridi ile, desturi ya zamani ya nyimbo hizi. Mkashmiri humwoni kwenye wimbo. Lakini baba yake Rocky, Tijori, ameigizwa na Aamir Bashir, ambaye ni Mkashmiri, na aliwahi kuongoza filamu yake mwenyewe kuhusu Kashmir, Harud. Hapa kapewa kuwa Mpunjabi mwenye kununa.

## Maswali ya pembeni

20. Mimi niliiangalia iliyotafsiriwa kwenye kibanda umiza. Mbona hayo yote sikuyaona?

Hukuyaona kwa sababu hayakuwepo. DJ wa kutafsiri ni mtu mmoja, sauti moja, Kiswahili kimoja. Niliisikiliza nakala moja ya hivyo: Dhanalakshmi, Rocky, profesa na babu wote walizungumza Kiswahili cha Manzese. Ilichekesha kweli, sikatai. Lakini picha inayosimama juu ya lafudhi mbili ikipitishwa kwenye mdomo mmoja, nyumba mbili zinakuwa nyumba moja yenye ugomvi. Ule mzaha wa Kiingereza cha Rocky, ambacho ndicho kidonda chake kwa akina Chatterjee, ulitoweka mzima.

Ukiweza, iangalie kwa sauti yake na maandishi chini. Utashangaa pia kiasi unachoelewa: dunia, wakati, habari, zamani, zinapita zikiwa na nguo za Kihindi.

21. Ilipata tuzo?

Ndiyo. Kwenye Tuzo za Taifa za Filamu za India za 71, zilizotangazwa Agosti 2025, ilichaguliwa picha bora ya kupendwa na umma, na Vaibhavi Merchant akapata ya kupanga uchezaji kwa wimbo "Dhindhora Baje Re", ule wa rangi nyekundu wa Durga Puja. Alia na Shabana walipata Filmfare mwaka 2024.

22. Baada ya hii, niangalie ipi yenye ndoa za makabila mawili?

Vicky Donor ya 2012, tena Mpunjabi na Mbangali, ndogo na yenye akili. 2 States ya 2014, Mpunjabi na Mtamil, inatosha kwa jioni moja. Param Sundari ya 2025, kijana wa Delhi na binti wa Kerala, iangalie kama unataka kuona watu wa Kerala walikuwa na haki gani ya kulalamika. Kwa mengine, rudi maswali ya 11, 14 na 18.

23. Naweza kuiangalia na watoto?

Wakubwa, ndiyo. Kwa wadogo, shika rimoti kwenye swali la 10 na la 13. Na andaa chakula mapema, picha ina urefu wa karibu saa tatu.